Vidonda vya samaki vinarudi baada ya dawa: ni usugu, au tunatibu vibaya?

#1 NahodhaWaBwawa (Malindi)
Salaam wanajukwaa. Nawauliza wenye mabwawa kuanzia Ngomeni, Gongoni na Kurawa hadi upande wa Mida. Kila kaskazi malalamiko ni yale yale. Tilapia na mwatiko wanatoka vidonda vyekundu tumboni na kwenye mashina ya mapezi, magamba yanasimama, macho yanatokeza, tumbo linajaa maji. Mfugaji ananunua unga wa oksitetrasaiklini (antibiotiki, dawa ya bakteria) wa kuku, anauchanganya na chakula siku tano, vifo vinapungua. Wiki mbili baadaye vinarudi, na safari hii unga ule ule hausaidii kitu. Dai langu ni kwamba bakteria wa mabwawa yetu wameshakuwa sugu, na tunaendelea kuwalisha dawa bure. Anayepinga alete sababu.

#2 MaabaraKwanza
Dai lako linaweza kuwa kweli, Nahodha, lakini umeruka hatua. Dawa kushindwa ni jambo moja, usugu ni jingine. Dalili ulizotaja ni za bakteria kuingia kwenye damu, na hapo wanaoshukiwa ni wengi: Aeromonas hydrophila na A. veronii kwenye maji baridi, Vibrio harveyi na ndugu zake kwenye maji ya chumvi, Streptococcus agalactiae kwenye tilapia maji yakipata joto. Kwa jicho huwezi kuwatenganisha. Kidokezo kimoja tu kinasaidia kidogo: samaki akizunguka kama aliyepotewa na njia huku macho yametoka, fikiria Streptococcus, kwa sababu huyo hupenda ubongo. Bila kuotesha sampuli na kupima dawa, neno "sugu" bado ni dhana.

#3 DukaLaPembejeo (Gede)
Shukrani kwa uzi. Mimi nashuku kipimo. Tufanye hesabu, maana hapa ndipo pesa inapotelea.

Bwawa la mita za mraba 300, kama yale ya mpango wa serikali wa 2009. Tuseme lina tilapia 900 wa gramu 200. Hao ni kilo 180 za samaki. Kipimo cha oksitetrasaiklini kinachotumika kwa samaki huko Marekani ni kati ya miligramu 55 na 83 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, kwa siku 10 mfululizo. Chukua 75. Mara 180, unapata gramu 13.5 za dawa yenyewe kwa siku. Unga mwingi wa kuku si dawa tupu. Ukisoma pakiti utaona asilimia 5, 10 au 20, kilichobaki ni sukari na vitamini. Kwa unga wa asilimia 20 unahitaji kama gramu 68 kila siku. Kwa ule wa asilimia 5, gramu 270.

Sasa linganisha na vile "vijiko viwili kwa ndoo" vinavyopendekezwa mtaani. Vijiko viwili vya chai ni kama gramu 10 za unga, yaani gramu 2 za dawa. Samaki wamepata karibu sehemu moja ya saba, tena kwa siku tano. Bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na bwawa lote ni lao.

#4 Mkizi_Mweusi
Hesabu safi. Ila mimi naona samaki wenyewe wamezoea dawa, kama mtu anayekunywa panadoli kila siku. Suluhisho ni kubadilisha. Amoksisilini ya kuku ipo kila duka na bei yake ni nafuu.

#5 MaabaraKwanza
Kaka Mkizi, hapo ngoja. Samaki hazoei. Anayebadilika ni bakteria, ama kwa jeni lake mwenyewe kugeuka, ama kwa kupokea kipande cha jeni kutoka kwa mwenzake. Vipande hivyo huitwa plasmidi na vinahama hata kati ya bakteria wa jamii tofauti.

Kuhusu amoksisilini: Aeromonas karibu wote wana kimeng'enya cha kuivunja tangu asili. Hawakujifunza kwetu, wamezaliwa nacho. Kumpa samaki mwenye Aeromonas amoksisilini ni kumwaga pesa majini, na wakati huo huo unachuja bakteria wengine walio matumboni mwa samaki na kwenye tope, wabaki walio sugu. Kwa Streptococcus hali ni tofauti, dawa za jamii ya penisilini mara nyingi humuweza. Ndiyo maana nasema mjue mdudu kwanza.

#6 Mkizi_Mweusi
Sawa maalim, nimekupata. Amoksisilini naiacha rafuni.

#7 FundiLango (Ngomeni)
Nyote mnaongea dawa, hakuna aliyeongea maji. Mabwawa mengi ya huku yamechimbwa juu, nyuma ya mikoko, na lango linapata maji wakati wa bamvua tu, siku ambazo bahari inajaa sana. Kuanzia bamvua hii mpaka ijayo ni kama wiki mbili, na katikati yake kuna siku za maji mafu ambapo bahari haifiki langoni kabisa. Kwenye kaskazi jua linakausha, chumvi inapanda, kinyesi na mabaki ya chakula yanarundikana. Angalieni kalenda ya vifo. Vinaanza mwisho wa maji mafu na kupungua bamvua likiingia. Mfugaji aliyeanza dawa siku mbili kabla ya bamvua anaona vifo vimekata, anasifu unga. Aliyeanza maji yanapokufa anaona unga haufai. Unga ni ule ule, kilichobadilika ni maji.

Kabla ya dawa, pimeni mambo matatu. Oksijeni alfajiri kabla ya jua, ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita samaki wanataabika hata kama saa nane mchana inasoma 10. Asidi ya maji (pH) asubuhi na jioni. Na amonia. Kwenye maji baridi ya nyuzi 28, pH ikiwa 8, amonia yenye sumu ni kama asilimia 6 au 7 tu ya amonia yote. pH ikipanda hadi 9 jioni kwa sababu ya mwani mwingi, inafika karibu asilimia 40. Maji ya chumvi yanapunguza kidogo, si sana. Samaki aliyeungua mashavu kwa amonia, kila bakteria anamwingia.

#8 BiSabaki
Fundi amenena. Naongeza mawili yanayohusu chumvi na mwatiko.

La kwanza: mwatiko wa mabwawa yetu hali chakula cha pakiti kama tilapia. Anachunga ule utando wa kijani unaoota sakafuni, mchanganyiko wa mwani na vijidudu. Ukipaka dawa kwenye pumba au vidonge ukavimwaga, wanaokimbilia ni wachache wenye nguvu. Mgonjwa hali kabisa. Kwa hiyo dawa inamfikia asiyeihitaji.

La pili: oksitetrasaiklini hushikana na magnesi na kalsi. Maji ya bahari yana kama miligramu 1,300 za magnesi na 400 za kalsi kwa kila lita, na samaki wa maji ya chumvi hunywa maji hayo muda wote. Dawa inafungwa tumboni kabla haijaingia kwenye damu, halafu inatoka na kinyesi. Wanaoimwaga bwawani moja kwa moja wanajisumbua zaidi, karibu yote inafungwa pale pale. Inazama kwenye tope, na huko gizani inakaa muda mrefu kwa kiwango kidogo kisichoua kitu. Tope hilo ndilo shule ya usugu.

#9 MshipiMrefu (Lamu)
Yakhe, mimi naangalia mbolea. Ili huo utando wa Bi Sabaki uote, watu wanamwaga kinyesi cha kuku wakati wa kuandaa bwawa, tani 1 hadi 2 kwa hekta, yaani kilo 30 hadi 60 kwa bwawa la mita za mraba 300. Kinyesi hicho kinatoka kwa kuku wa nyama waliopewa oksitetrasaiklini, wengine enrofloksasini, mpaka juzi kabla ya kuchinjwa. Sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini hupita kwenye mwili wa kuku bila kuvunjwa. Unapokea dawa pamoja na bakteria wa utumbo waliokwisha kuzoezwa, wote kwenye gunia moja. Mfugaji anaapa hajawahi kutia dawa bwawani, na huenda anasema kweli. Hata mabanda ya kuku yaliyojengwa juu ya bwawa, tuliyofundishwa kuwa ni ufugaji wa akili, yana shida hiyo hiyo kila siku.

Asiyeweza kuacha kinyesi cha kuku akirundike kwanza, akinyeshee maji kiasi, akigeuze, kiwake joto la nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa. Bakteria wengi watakufa na dawa itapungua. Haiishi yote, lakini si sawa na kibichi.

#10 DukaLaPembejeo
Ami wa Lamu, umenigusa, maana gunia hilo nalo linapita dukani. Kuna wenye kuku wanaoniuliza dawa ya kuwapa ili wanenepe tu, na wenye mabwawa wanakuja jioni kuchukua mbolea kwa jirani huyo huyo. Sheria ipo, dawa hizi zinatakiwa zitoke kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Mtaani inatoka kwa maelekezo ya jirani.

#11 NahodhaWaBwawa
Nashukuru kwa michango, ila tusiuzike usugu chini ya maji mafu. Kuna cheti cha maabara kinazunguka kwenye simu za wafugaji, cha vibrio kutoka kwa mwatiko. Oksitetrasaiklini imeandikwa sugu, amoksisilini sugu, florfenikoli inaua. Huo si ushahidi?

#12 MaabaraKwanza
Inategemea sahani ilipikwaje. Kipimo cha vidonge vya karatasi vyenye dawa hufanywa kwenye agari ya Mueller-Hinton, jeli ya kuoteshea bakteria; dawa ikiwaweza, duara tupu linabaki kuzunguka kidonge. Bakteria wa bahari anayekataa kuota bila chumvi anaongezewa chumvi ya kawaida tu, kama asilimia 1. Kuna wanaopika agari kwa maji ya bahari ili aote haraka. Hapo magnesi ile ile aliyoitaja Bi Sabaki #8 inaifunga oksitetrasaiklini ndani ya sahani, duara linakuwa dogo, na fundi anaandika "sugu" kwa bakteria asiye sugu. Pia joto. Sahani za bakteria wa samaki wa kwetu hukaa nyuzi 28 kwa saa 24 hadi 28. Ukiziweka nyuzi 37 kama za hospitali, wengine hawaoti vizuri na duara linadanganya kwa upande wa pili.

Kwa hiyo ulizeni: agari gani, chumvi kiasi gani, joto gani, na sampuli ilitoka wapi. Kama ilipanguswa kwenye kidonda, walichootesha huenda ni bakteria wa maji waliotua pale baadaye. Sampuli ya kuaminika hutoka kwenye figo ya samaki anayekaribia kufa.

#13 MwanaGede
Hodi kwenye uzi. Kuna mto mmoja hamjautaja. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unamwaga hapa hapa kaskazini ya mji wa Malindi. Maji taka ya jiji, hospitali na machinjio yanatuteremkia. Kwa nini tuwalaumu kuku wa Gongoni?

#14 FundiLango
Kwa sababu ya upepo, bwana. Wakati wa kusi tope la Sabaki linasukumwa kaskazini, kuelekea Ngomeni na Ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi linarudi kusini, kwenye matumbawe ya Malindi. Nahodha kasema #1 kwamba vidonda vinakuja kaskazi. Wakati huo Ngomeni hatupati maji ya Sabaki kwa wingi. Lau mto ndio mkosaji, tungeugua kusi.

#15 MwanaGede
Usugu hauji na ugonjwa siku moja, Fundi. Jeni linaweza kuingia kwenye tope la bwawa wakati wa kusi likakaa, ugonjwa ukaja kaskazi joto na chumvi vikipanda. Mto unaleta mbegu, hali ya hewa inaiotesha.

#16 BiSabaki
Na wengine hawakuhitaji mto wala kuku. Jeni la qnrA, linalokinga bakteria na dawa za jamii ya siprofloksasini, asili yake ilitambuliwa 2005 kuwa ni Shewanella algae, bakteria wa majini. Jeni la usugu wa florfenikoli lilielezwa kwanza miaka ya 1990 kwa bakteria anayeua samaki wa kufugwa Japani. Bahari ina ghala lake la usugu tangu kale. Tunachofanya sisi na dawa ni kuwapa wenye jeni hilo nafasi ya kuzaana.

Ndiyo maana naogopa watu wakisoma cheti cha #11 wakimbilie florfenikoli kwa vijiko vile vile viwili. Tutaiua kama tulivyoua ya kwanza.

#17 Mkizi_Mweusi
Norwei walipiga marufuku dawa kwenye samoni na wakafanikiwa. Na sisi tupige marufuku yaishe.

#18 MaabaraKwanza
Hawakupiga marufuku, kaka. Mwaka 1987 walitumia kama tani 50 za antibiotiki. Leo wanafuga zaidi ya tani milioni moja za samaki na dawa yote haifiki tani 1 kwa mwaka. Kilichofanya kazi ni chanjo, sindano tumboni kwa kila samaki mmoja mmoja, pamoja na kupumzisha maeneo kati ya kizazi na kizazi. Chile wanafuga samoni yule yule, na bado wanatumia mamia ya tani, kwa sababu bakteria anayewasumbua zaidi, Piscirickettsia salmonis, chanjo zake hazikumweza vizuri. Sasa nani atachoma sindano vifaranga wa mwatiko waliovuliwa kwa wavu ufukweni, wadogo kama uzi?

#19 Mkizi_Mweusi
Mimi siwezi, miiba ya mwatiko mkubwa yenyewe inanishinda mezani.

#20 MshipiMrefu
Huyo hajapata aliyebanikwa na mtu wa Lamu 😄 Turudi kwenye uzi. Je, virusi? Kirusi cha tilapia kilichoripotiwa Ziwa Victoria 2018, upande wa Uganda na Tanzania, nacho huleta vidonda, macho mabovu na vifo vya ghafla. Antibiotiki haigusi virusi, na mtu ataita usugu.

#21 DukaLaPembejeo
Ndiyo kwa bwawa la tilapia peke yao. Ila Nahodha ametaja mwatiko pia, na kirusi hicho hakijulikani kuua mwatiko. Bwawa lenye wote wawili, tilapia wakifa na mwatiko wakabaki wazima, hapo wazo lako lina uzito. Wakifa wote, rudi kwenye maji na bakteria. Na msisahau chawa wa samaki na vijidudu vya ngozi: vinatoboa kwanza, bakteria anafuata. Mkwaruo wa ute wa ngozi chini ya hadubini ni kazi ya dakika tano.

#22 BiSabaki
Naomba pia tuseme kuhusu wanaokula na wanaoshika. Samaki akipikwa vizuri, bakteria wanakufa. Masalia ya dawa hayaondoki yote kwa moto. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu mikrogramu 200 za oksitetrasaiklini kwa kilo ya nyama ya samaki, Ulaya 100. Pasipo muda uliowekwa rasmi wa kusubiri, kanuni ya Ulaya hadi 2022 ilikuwa angalau nyuzi-siku 500: gawanya 500 kwa joto la maji. Kwa nyuzi 28 ni siku 18 baada ya dozi ya mwisho. Nani anasubiri siku 18 samaki wanapokufa? Wanavuliwa siku ya pili na kupelekwa sokoni. Kloramfenikoli na nitrofurani msiziguse kabisa, samaki wa kuliwa hawapewi.

Na wanaosafisha samaki wavae glavu. Mwiba ukikuchoma kwenye maji ya chumvi yenye joto, Vibrio vulnificus anaweza kuingia, na kwa mwenye ugonjwa wa ini au kisukari mkono unaharibika ndani ya saa chache. Uvimbe ukipanda haraka, hospitali mara moja, na mwambie daktari umechomwa na samaki.

#23 FundiLango
Kwa wanaouliza faraghani kuhusu chokaa: kausha bwawa mpaka tope lipasuke, ondoa tope jeusi la juu, mwaga chokaa iliyozimwa gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba sakafu ikiwa bado na unyevu. Kwa mita 300 ni kilo 30 hadi 60. Ikae wiki moja hadi mbili, jaza, na usiweke samaki mpaka pH ishuke chini ya 9.

Tahadhari kwa waliochimba ndani ya mikoko. Udongo ule una salfa. Ukiukausha sana unageuka tindikali, na mvua ya kwanza ya masika inaiosha kutoka kwenye kingo hadi bwawani. Samaki wanaungua mashavu, wanatoka vidonda, na tunarudi tena kwenye unga wa kuku. Chokaa ipakwe na kingo zote, si sakafu peke yake.

#24 MshipiMrefu
Chokaa ya kuchoma mawe ya bahari inafaa? Huku kwetu ndiyo iliyojengea mji.

#25 FundiLango
Kwa nguvu inafaa, ni chokaa kamili. Ila matumbawe yamekwisha kwa kuchimbwa, na yakiisha ukuta wa kuvunja mawimbi umekwisha. Nunua ya dukani.

#26 NahodhaWaBwawa
Bado nashikilia usugu upo, ingawa nakubali cheti kile hakitoshi. Kama wenye mabwawa manne au matano wako tayari, tukusanye sampuli kaskazi hii, za maji mafu na za bamvua, za bwawa lenye mbolea ya kuku na lisilo nayo. Maalim, tuzifikisheje maabara Mombasa?

#27 MaabaraKwanza
Bora samaki hai wanaosinzia, watano au zaidi kwa bwawa, ndani ya mfuko wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, kwenye boksi lenye kivuli. Ikishindikana, waliokufa wakati huo huo, kila mmoja mfuko wake, juu ya barafu bila kugusana nayo, wafike siku hiyo hiyo. Msigandishe. Aliyekutwa anaelea asubuhi mtupilieni mbali, ameshaoza ndani. Wasiwe wamekula dawa, la sivyo hakitaota kitu na mtaambiwa hakuna ugonjwa. Leteni pia lita moja ya maji ya bwawa, tarehe ya kujaza mwisho, chumvi, pH ya asubuhi na jioni, na pakiti ya dawa yoyote iliyotumika hata kama ni tupu.

#28 MwanaGede
Na tope la mdomo wa Sabaki mtachukua?

#29 FundiLango
Chukua wewe, tutalipima pamoja na ya kwetu. Kikombe kimoja cha juu, sentimita mbili za kwanza, kabla maji hayajarudi.